Dhamana za madirisha mapya: linganisha kabla hujasaini

Dirisha jipya likianza kuvuja, tazama kwanza maji yanapitia wapi. Yakipenya kati ya fremu na ukuta, anayehusika ni fundi aliyelifunga. Yakitokea kwenye kona za fremu yenyewe, anayehusika ni aliyeikata na kuiunga. Na ukiona ukungu katikati ya vioo viwili, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki, anayehusika ni aliyetengeneza kioo. Dirisha ni moja lakini waliolishughulikia ni watatu, na kila mmoja anaweza kuwa na dhamana yake, yenye miaka yake na masharti yake. Mnunuzi huonyeshwa moja tu, ile yenye miaka mingi.

Mimi nilinunua kwa kutazama miaka. Niliahidiwa miaka 10 kwa fremu za alumini, nikaridhika, nikasaini. Msimu wa pili wa mvua kubwa, maji yakaanza kuchuruzika chini ya kizingiti cha dirisha la sebuleni. Aliyetumwa na kiwanda alikuja, akamwaga maji taratibu kuanzia chini kwenda juu, akanionyesha: fremu nzima, kona nzima, silikoni ndiyo iliyobanduka ukutani kwa sababu ilipakwa juu ya vumbi la plasta. Hilo, akasema, ni la fundi. Dhamana ya fundi ilikuwa ya miezi 12, na sisi tulikuwa mwezi wa 14. Nililipa mwenyewe, na tangu siku ile karatasi hizi nazisoma kwa jicho jingine.

Ya kiwanda na ya fundi

Dhamana ya kiwanda huwa ndefu kwa sababu inahusu vitu ambavyo kiwanda kinavijua vizuri: fremu isipinde, rangi isibanduke, kioo cha tabaka mbili kisiingie ukungu, bawaba na komeo zifanye kazi. Hata humo ndani miaka hailingani. Fremu inaweza kupewa miaka 10 au 20, kioo cha tabaka mbili mara nyingi kati ya 10 na 20, rangi ina hesabu yake, na vifaa vinavyosogea, yaani bawaba, komeo na magurudumu ya slaidi, hupewa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "madirisha haya yana miaka 20", muulize ni kitu gani hasa chenye hiyo 20.

Dhamana ya fundi kwa kawaida ni mwaka 1 au 2. Wapo wanaotoa 5, wachache 10. Inahusu jinsi dirisha lilivyokaa ukutani: limesawazishwa kwa pimamaji, limeshikwa na skrubu za kutosha, pengo limejazwa, silikoni imeshika. Mambo haya hayavutii macho, lakini ndiyo yanayoamua kama nyumba italoa. Na karatasi ya kiwanda, ukiisoma hadi mwisho, karibu kila mara ina mstari unaosema kwamba kasoro za ufungaji hazihusiki.

Ukilazimika kuchagua kati ya kiwanda miaka 20 na fundi mwaka 1, au kiwanda miaka 10 na fundi miaka 5, chukua ya pili. Nasema hivyo bila kusita. Fremu iliyotengenezwa vizuri haifi ghafla mwaka wa 14. Silikoni iliyopakwa vibaya hujionyesha ndani ya misimu michache ya mvua na jua, na hapo fundi wa mwaka 1 ameshatoka kwenye wajibu.

Hesabu hiyo hubadilika pale anayetengeneza na anayefunga ni kampuni moja. Hapo unakuwa na mlango mmoja wa kubisha, na hakuna wa kumsukumia mwenzake lawama. Mnapotenganisha, huenda mkapata bei nafuu, lakini siku ya kuvuja fundi atasema fremu ilikuja na kasoro, kiwanda kitasema fundi ameharibu, na wewe utabaki na ndoo sebuleni. Kama umeamua kutenganisha, mtake fundi aandike siku ya kufunga kwamba amepokea madirisha yakiwa mazima na vipimo sahihi. Mstari huo mmoja humaliza nusu ya ubishi wa baadaye.

Upande wa pili wa kampuni moja ni kwamba ikifungwa, dhamana zote mbili zinazama pamoja. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi kuna dhamana ya ufungaji inayoshikiliwa na bima: kampuni ikifa, bima inalipa matengenezo. Ikiwa inapatikana ulipo, ina uzito kuliko miaka 5 ya ziada kwenye karatasi ya kampuni iliyoanzishwa juzi.

Uliza pia nani analipa kazi. Dhamana nyingi za kiwanda hutoa kifaa tu. Utaletewa kioo kipya bure, kisha utalipa wa kukitoa cha zamani, wa kupachika kipya, na jukwaa la kupandia kama dirisha liko ghorofani. Kwa dirisha la juu, gharama ya kazi inaweza kuzidi ya kioo chenyewe.

Maneno yanayoonekana sawa lakini hayafanani

"Dhamana ya maisha" ndilo neno linalouza sana na linalopotosha sana. Maisha ya nani? Mara nyingi ni muda wote ambao mnunuzi wa kwanza anaimiliki nyumba na kukaa humo. Ukiuza, inakatika au inageuka kuwa ya miaka michache. Ukiweka mpangaji, baadhi ya karatasi huihesabu nyumba kama ya biashara na kupunguza muda.

"Yenye mipaka" maana yake ni kwamba kuna vitu ambavyo haitavifanya. Marekani, sheria ya mwaka 1975 inataka dhamana ya maandishi kwa bidhaa za watumiaji ijitambulishe wazi kama ni kamili au yenye mipaka. Hata pasipo sheria ya namna hiyo, lichukulie neno hilo kama alama ya kukwambia: soma orodha ya visivyohusika kwanza, ndipo usome ahadi.

Kisha kuna dhamana thabiti na dhamana inayopungua. Tuseme zote mbili ni za miaka 10. Ya kwanza inakupa kioo kipya bure hata mwaka wa 9. Ya pili inalipa chote miaka 5 ya mwanzo, halafu kila mwaka inakatwa sehemu, hivi kwamba mwaka wa 9 unalipiwa kipande kidogo na kingine unajaza mwenyewe. Kwa sababu ukungu katikati ya vioo huja baada ya miaka mingi ya jua na baridi kuichosha mihuri inayofunga kingo za vioo, inayopungua hukuacha pale pale unapoihitaji. Miaka 10 thabiti ni bora kuliko 15 inayopungua.

La kuhamisha dhamana kwa mmiliki mpya lina uzito kwa anayefikiria kuuza, na mara nyingi lina tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa baada ya mauzo. Ambaye hauzi asilipie sifa hiyo.

Na usichanganye haya yote na haki unayopewa na sheria. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, bidhaa anayouziwa mtumiaji wa kawaida ina ulinzi wa kisheria usiopungua miaka 2, karatasi ya kiwanda iwepo isiwepo. Ya kiwanda inaongezwa juu ya hiyo, haiwezi kuifuta.

Alumini, plastiki au mbao

Hapa ndipo matunzo na dhamana vinapokutana, kwa sababu kila malighafi huja na kazi unayoahidi kuifanya, hata kama hukuambiwa kwa mdomo.

Alumini haiozi wala haihitaji rangi mpya kila baada ya miaka michache, lakini ngozi yake ya juu ndiyo kila kitu. Ngozi hiyo huwa ya aina mbili: rangi ya unga iliyookwa, ambayo kwa kawaida ina unene wa maikroni 60 na kuendelea (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), au tabaka gumu linaloota kwa umeme kwenye alumini yenyewe, ambalo kwa nyumba za karibu na bahari hutakiwa liwe kama maikroni 25. Maadui wake ni chumvi na saruji. Dhamana nyingi za rangi ya alumini hudai fremu zioshwe kwa ratiba, na karibu na bahari ratiba hiyo hukazwa hadi kila miezi 3 au chini ya hapo. Baadhi hudai uandike tarehe. Watu husahau kwamba dirisha lililo chini ya paa refu, lisilofikiwa na mvua, ndilo linalojaza chumvi zaidi, maana hakuna wa kulisuuza ila wewe. Hakikisha pia skrubu ni za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, kuliwa kunaanza pale pale kwenye tundu.

Plastiki ya PVC ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu asiye na muda. Haiozi, haishiki kutu, kona zake huunganishwa kwa kuyeyushwa zikawa kitu kimoja. Sabuni na maji vinatosha. Inachokichukia ni thina, petroli, asetoni na unga wa kusugulia: vinayeyusha au kukwaruza uso, na alama haitoki tena. Rangi nyeupe huvumilia jua vizuri. Nyeusi au kahawia hunyonya joto na kutanuka zaidi, kwa hiyo soma kama dhamana ya rangi nyeusi ina miaka sawa na ya nyeupe, maana mara nyingi haina. Na ukiipaka rangi mwenyewe, jihesabu huna dhamana ya fremu.

Mbao ni nzuri kuliko zote machoni, na ndiyo inayodai zaidi. Dhamana yake hutegemea jambo moja: imefunikwa rangi au vanishi pande zote sita, mapema, mara nyingi ndani ya siku chache tangu ifike. Pande zote sita maana yake ni pamoja na ukingo wa juu na wa chini wa bawa la dirisha, yaani sehemu inayofunguka, ambao hakuna anayeuona na ndiko maji yanakoanzia kuingia. Rangi nayo ipande kidogo juu ya kioo, kama milimita 2, ili maji yasipenye kwenye kiungo, lakini isiguse mipira ya kuzibia. Ukipenda vanishi inayoonyesha mbao, jua kwamba miale ya jua hupita ndani yake na kuila mbao kwa chini, kwa hiyo utarudia kazi mapema kuliko mwenye rangi nzito. Mwenye kuipenda mbao kwa moyo na kuipaka kwa wakati atakaa nayo hadi wajukuu. Asiye na wakati huo namsihi aiache.

Kwa zote tatu kuna sharti moja linalofanana: usitoboe. Wavu wa mbu, fimbo ya pazia, kifaa cha kengele ya wezi, vyote vifungwe ukutani au kwa namna ambayo mtengenezaji ameiruhusu. Tundu moja kwenye fremu linaweza kufungua njia ya maji hadi ndani, na kumpa mwenye dhamana sababu ya kukataa hata kasoro isiyohusiana nalo.

Kioo kimoja au tabaka mbili

Kioo kimoja hakina mengi ya kudhaminiwa. Kikipasuka kwa jiwe, ni lako.

Kioo cha tabaka mbili ni chombo kilichofungwa: vioo viwili, kitenganishi katikati chenye chembe za kunyonya unyevu, na hewa kavu au gesi kama agoni. Muhuri ukishindwa, unyevu unaingia, chembe zinashiba, ukungu unabaki. Hilo ndilo dhamana inalolihusu, na haliponi kwa kufuta. Kabla ya kudai, tofautisha. Jasho upande wa chumbani linatokana na unyevu wa nyumba: kupika, kufua, watu wengi kulala chumba kimoja. Fungua dirisha kidogo. Jasho upande wa nje asubuhi yenye baridi ni ishara kwamba kioo kinazuia joto vizuri. La katikati peke yake ndilo la dhamana.

Jihadhari na karatasi za kutia giza. Ukibandika karatasi nyeusi kwenye kioo cha tabaka mbili, sehemu moja hupata joto kali na nyingine hubaki baridi kwenye kivuli cha fremu, kioo kikapasuka chenyewe kuanzia ukingoni. Dhamana nyingi za kioo zinalitaja jambo hili kwa jina na kulikataa. Unayejua utataka giza, agiza kioo chenye rangi au tabaka la kuzuia jua tangu kiwandani.

Wiki za mwanzo

Madirisha mengi huharibiwa kabla mwenye nyumba hajaanza kuyahesabu kuwa yake, wakati mafundi wa plasta na rangi bado wamo ndani. Saruji mbichi ina ukali wa magadi wa pH 12 au 13, kwenye kipimo ambacho maji safi ni 7. Inaila alumini na inaacha alama kwenye kioo. Tone likianguka, lisuuzwe kwa maji mengi papo hapo. Likikauka, mtu huchukua wembe au msasa, na hapo ndipo mikwaruzo inapozaliwa. Mwingine humwaga asidi ya kuondolea saruji, ambayo inamaliza ngozi ya alumini kabisa. Hakuna dhamana inayolipa lolote kati ya haya. Utaratibu wa busara ni kufunga madirisha baada ya plasta, na isipowezekana, kuyafunika.

Ile plastiki nyembamba ya kulinda fremu nayo ina muda wake. Ikikaa miezi juani, gundi yake inaoka na kushikamana, na kuibandua ni kuvuta kipande kwa kipande. Ivue mara tu kazi chafu inapokwisha. Vibandiko vya kioo vivyo hivyo, ila vipige picha kwanza, kwa sababu namba iliyo juu yake huenda ndiyo utakayoulizwa baada ya miaka 8.

Silikoni hushika ngozi ya juu mapema, lakini ndani hukauka polepole, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku. Usiiguse, usiioshe, usilipige dirisha kwa nguvu siku hizo. Inusishe pia pua yako: ikinuka siki, ni ya asidi, na kwenye ukuta wa saruji au karibu na chuma haifai. Mtake fundi atumie isiyo na asidi. Ningelijua hili mapema ningelikuwa nimemuuliza wangu mbele ya ukuta, kabla hajaufungua mrija.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, sponji laini, kisha kusuuza. Futa vumbi kwa maji kwanza, maana kusugua vumbi kavu ni kupiga msasa. Mashine ya maji yenye nguvu ibaki kwenye gari. Ikielekezwa kwenye mpira wa dirisha inausukuma kutoka mahali pake. Reli za slaidi zipigwe brashi kila mwezi. Ya kuzilainisha ni silikoni ya kupuliza, kidogo tu. Mafuta mazito hukusanya mchanga na mengine huivimbisha mipira.

Halafu kuna vitobo. Chini ya fremu, upande wa nje, utaona vitundu vidogo viwili au vitatu. Ni vya kutolea maji: mvua ikiingia kwenye reli, inatokea huko. Nimeona watu wakiviziba kwa silikoni wakiamini ndivyo vinavyovuja, na mvua iliyofuata reli ikajaa, maji yakamwagika ndani. Mwaga kikombe cha maji kwenye reli mara moja kwa msimu. Yakitoka nje, uko salama. Yasipotoka, vizibue kwa kijiti chembamba cha mbao.

Nyumba yako ikoje?

Nyumba iko karibu na bahari: PVC, au alumini yenye ngozi nene ikiwa uko tayari kuosha na kuandika tarehe. Soma kwanza kama dhamana ina umbali wa kutoka ufukweni, maana nyingine hazihusiki kabisa ukiwa karibu mno.

Unapangisha: wapangaji hawatashika ratiba yako. PVC nyeupe, kioo cha kawaida, na dhamana inayosema wazi kwamba nyumba ya kupangisha inahusika.

Unakaa mwenyewe na unapenda kazi za mikono: mbao itakulipa. Chukua ya kiwanda iliyopakwa tayari pande zote.

Una mpango wa kuuza ndani ya miaka michache: tafuta dhamana inayohamishika, hata kama ni fupi.

Ghorofani: dhamana inayolipa kazi na si kifaa pekee, na bawa linalofunguka kwa ndani ili uweze kuliosha bila kuning'inia.

Kasoro ikitokea, piga picha yenye tarehe, andika barua au ujumbe siku hiyo hiyo kwa fundi na kiwanda kwa pamoja, na usimruhusu fundi mwingine aguse dirisha kabla hawajaja kulitazama. Kuziba kwa mkanda au turubai ili maji yasiingie hakuna ubaya. Kuchokonoa silikoni au kung'oa kioo kunafuta ushahidi. Na kama ni mwezi wa 11 wa dhamana ya fundi, usingoje mvua. Chukua mpira wa bustani, anza kumwaga maji chini ya kizingiti, panda polepole hadi juu, mwenzako akiwa ndani na kitambaa kikavu mkononi.